Jina Moja katika Hati: Historia Fupi ya Nyumba na Rehani katika Nchi ya Chai



Kila mwaka kitabu cha taarifa huanza na hesabu: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, misiba iliyosaidiwa na watoto waliolipiwa karo. Hesabu ni jambo jema, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini kuna daftari moja ambalo mweka hazina hana ufunguo wake, nalo lina uzito kuliko haya yetu yote. Ni daftari la ardhi lililo katika ofisi ya Msajili. Humo limeandikwa jina la mwenye shamba. Na kama shamba limewekwa rehani, humo humo limeandikwa jina la anayemdai. Yafaa tujue jinsi daftari hilo lilivyoingia katika nchi yetu ya Kericho na Bomet, nani aliyeandikwa ndani yake, na nani aliyeachwa nje. Mtu akipoteza nyumba kwa mnada husema kwamba dalali ndiye aliyemwondoa. Mara nyingi habari yenyewe ilianza miaka mingi nyuma, siku jina moja lilipoandikwa peke yake.

NYUMBA KABLA YA HATI

Zamani za Wakipsigis ardhi haikuwa na karatasi. Watu walichunga pamoja, na mtu alilima karibu na pale alipojenga. Mali iliyohesabiwa ilikuwa ng'ombe. Lakini mtu asidhani kwamba mali ile ilikuwa ya mume peke yake, aifanye apendavyo. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake na kipande chake cha kulima. Ng'ombe walioletwa kuwa mahari ya binti wa nyumba fulani walihesabiwa kuwa wa nyumba ile, ili ndugu zake wa tumbo moja waoe kwa hao. Mume akimtoa ng'ombe wa nyumba moja kwa haja ya nyumba nyingine, alikuwa na deni kwa nyumba ile ya kwanza, na wana walikumbushana deni hilo hata baada ya mzee kuzikwa.

Kadhalika palikuwa na desturi ya kimanagan. Mtu aliweka baadhi ya ng'ombe wake kwa rafiki aliyekaa mbali. Rafiki akanywa maziwa, na mwenyewe akabaki na ng'ombe pamoja na uzao wake. Maradhi yakiangukia boma moja, mali yote haikuisha kwa siku moja. Mtu aliweza kufilisika ng'ombe, lakini hapakuwa na dalali wa kuja kumtoa mkewe na watoto katika nyumba.

Sisemi kwamba mambo yale yalikuwa na haki kamili. Mke hakuketi pamoja na wazee walipoamua shauri, na mwanamke aliyerudi kwao hakuondoka na shamba. Nasema hili tu, kwamba desturi iliijua nyumba ya mke kuwa kitu chenye haki zake, na mume hakuweza kuigusa kimya kimya bila kuulizwa.

Serikali ya kikoloni nayo iliijua nyumba hiyo, ila kwa sababu nyingine. Kanuni za kodi ya nyumba zilitolewa mwaka 1901, na kodi ilitozwa kwa kila nyumba. Mwenye wake watatu wenye nyumba tatu alilipa mara tatu. Basi karani wa kodi alimwona kila mke mlangoni pake. Tutaona kwamba karani wa ardhi, aliyekuja baadaye, hakumwona.

ARDHI INAPUNGUA, UA UNAPANDWA

Baada ya vita vya Serikali juu ya watu wa Sotik mwaka 1905, sehemu nzuri za nchi hii zilitengwa kwa Wazungu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, ardhi ya Kericho iligawiwa pia kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, mradi ukafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 sehemu kubwa ya ardhi hiyo iliishia mikononi mwa kampuni ya chai. Yafaa tukumbuke kisa hicho, maana chaonyesha kwamba deni halitazami rangi ya mtu. Brooke Bond na James Finlay walianza mashamba yao makubwa ya chai katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ukahamishwa kwa nguvu ukapelekwa Gwassi. Wakipsigis waliobaki walijikuta na watu wengi na ardhi kidogo.

Ardhi ikipungua, kila mtu hutazama mpaka wake. Tangu miaka ya 1930 wakulima wa Kipsigis walianza kulima mahindi ya kuuza kwa plau za ng'ombe, wakajenga vinu vya maji vya kusagia, wakapanda ua kuzunguka mashamba yao. Kazi hiyo waliifanya wenyewe kabla Serikali haijaleta wapimaji. Kwa hiyo hapa kwetu haikuwa lazima kukusanya vipande vingi kuwa shamba moja kama ilivyokuwa katika nchi ya Wakikuyu. Ua ulikuwa umekwisha kusimama.

Lakini ua haukutosha kumpa mtu mkopo. Benki ya Ardhi na Kilimo iliyoanzishwa mwaka 1931 iliwakopesha walowezi wa Kizungu, kwa kuwa walikuwa na hati za kuweka rehani. Mwafrika hakuwa na hati, basi hakuwa na rehani, na asiye na rehani hakuwa na mkopo mkubwa. Jambo hilo lilimzuia kuendelea. Lakini pia lilimkinga, maana hakuna awezaye kuuza kwa mnada kitu ambacho sheria haikitambui kuwa mali ya mtu.

HATI YAJA

Mwaka 1954 ulitolewa mpango wa kilimo uitwao Mpango wa Swynnerton. Mpango huo ulitaka Mwafrika apimiwe shamba lake, apewe hati isiyotikisika, na aweze kuitumia hati hiyo kama dhamana ya mikopo. Basi tangu mwanzo hati na rehani zilikuja pamoja kama mapacha. Waliotuletea hati walitarajia kwamba tutaiweka rehani.

Mwaka 1963 ilipitishwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa. Kamati za wazee zilikaa, mipaka ikatajwa, na majina yakaandikwa. Aliyeandikwa kwa kawaida alikuwa mwanamume, mkuu wa boma. Hapakuwa na hila katika jambo hilo machoni pa wazee wa siku zile. Walidhani wanaandika jina la msimamizi, kama vile mtu aandikavyo jina la mwenyekiti juu ya kitabu cha chama, na kila mtu ajua kwamba chama si cha mwenyekiti. Lakini sheria ilisema neno jingine. Ilisema kwamba aliyeandikwa ndiye mwenye mali yote, na kwamba haki zisizoandikwa hazimfungi isipokuwa chache zilizotajwa. Mwaka 1972 na tena mwaka 1973 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za desturi zisizoonekana katika daftari hazina nguvu mbele ya jina lililosajiliwa. Majaji wengine hawakuridhika na njia hiyo, wakasema kwamba mwenye jina aweza kuwa mwenye amana kwa ajili ya jamaa yake. Mabishano hayo yaliendelea miaka mingi, hata Mahakama ya Juu ilipothibitisha mwaka 2018 kwamba amana ya desturi yaweza kuwamo katika ardhi iliyosajiliwa.

Wakati ule ule milango ya mikopo ilifunguliwa. Tangu mwaka 1962 mashamba ya walowezi, hata upande wa Sotik, yaligawanywa kwa wenyeji, na waliopewa walianza maisha mapya wakiwa na deni la Serikali. Shirika la Fedha za Kilimo lilianzishwa mwaka 1963. Mamlaka ya kustawisha chai ya wakulima wadogo ikaanza mwaka 1964, na mkulima akawa na malipo ya majani kila mwezi ambayo mkopeshaji aliweza kuyahesabu. Kwa upande wa nyumba za mjini, Kampuni ya Housing Finance ilianzishwa mwaka 1965.

Tusiwasahau wenzetu wa mashamba makubwa. Mfanyakazi wa chai alikaa katika nyumba ya kampuni, yeye na mkewe na watoto, pengine miaka thelathini. Nyumba ile haikuweza kuwekwa rehani wala kurithiwa. Kazi ikiisha, nyumba imekwisha. Ndiyo sababu wengi walijinyima ili wanunue kipande kidogo nje ya mashamba. Mke alichuma majani sawasawa na mume, na mshahara wake ukaingia katika bei ya kipande hicho. Hati ilipotoka, mara nyingi ilikuwa na jina moja.

REHANI ISIYOJULIKANA

Tuchukue mfano, usio habari ya mtu yeyote. Mume na mke wana ekari tatu za chai na nyumba ya mabati. Mke ndiye apaliliaye, achumaye, na apelekaye majani kituoni. Mume, ambaye jina lake ndilo lililo katika hati, aona kwamba lori la kubebea mizigo litaleta faida, naye akopa. Si mlevi wala si mpotevu. Aitakia mema jamaa yake. Lori laharibika, biashara yalala, na riba yakua. Kwa aibu mume hasemi neno nyumbani. Siku moja mke aenda shambani asubuhi, akuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya lango. Hiyo ndiyo habari ya kwanza aliyopata ya mkopo ule. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini katika mfano huu aliyeitwa matangani hakualikwa harusini.

Chini ya sheria ya mwaka 1963 mkopeshaji hakulazimika kumwuliza mke. Sheria ilimpa uwezo wa kuuza kwa mnada baada ya kutoa ilani kwa mdaiwa, pasipo kwenda mahakamani kwanza. Kizuizi kimoja kilikuja mwaka 1967 kwa Sheria ya Kusimamia Ardhi, iliyosema kwamba shamba la kilimo haliuzwi wala haliwekwi rehani bila idhini ya bodi ya ardhi. Sheria hiyo haikumtaja mke. Hata hivyo, baadaye wazee wa bodi walizoea kumwuliza mwombaji: "Mama yuko wapi? Na watoto wajua?" Swali hilo halikuandikwa katika sheria, lilitoka katika desturi ya nyumba ambayo wazee hawakuwa wameisahau. Limeokoa mashamba mengi. Lakini bodi haikuhusika na kiwanja cha mjini, na mahali pengine swali lenyewe halikuulizwa.

MAJIRANI WALIVYOFANYA

Shida hii haikuwa yetu peke yetu. Huko Texas, katika Marekani, katiba ya mwaka 1845 ilikataza mwanamume mwenye mke kuuza makao ya jamaa bila ridhaa ya mkewe. Uingereza, mwaka 1965, mahakama ya juu kabisa iliamua kwamba mke aliyeachwa na mumewe hawezi kuizuia benki isichukue nyumba. Bunge likaona uchungu wa jambo hilo, likatunga sheria ya nyumba za wana ndoa mwaka 1967.

Karibu zaidi, ndugu zetu wa Tanzania walitutangulia mbali. Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili. Mwaka 1983 Mahakama yao ya Rufani ikakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Uganda nayo, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, ilitaka ridhaa ya mwenzi kwa ardhi ambayo jamaa yaishi na kuitegemea.

SHERIA YETU YA LEO

Kenya ilifika huko baada ya Katiba ya mwaka 2010, iliyotamka kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa ndoa na wakati wa kuachana, na kuliagiza Bunge lilinde nyumba ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba rehani juu ya nyumba ya ndoa si halali mpaka hati zake zitiwe sahihi na mwenye mali pamoja na mwenzi wake aishiye humo, au pawe na ushahidi kwamba mwenzi huyo ameridhia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yaongeza kwamba ridhaa iwe kwa maandishi, na iwe ya mtu aliyeelewa anachokubali. Sheria hiyo yahesabu kuwa mchango si fedha tu, bali hata kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba.

Tangu mwaka 1963 hata mwaka 2012 ni karibu miaka hamsini. Muda huo wote ulihitajika ili karani wa ardhi amwone mke ambaye karani wa kodi alimwona mwaka 1901.

Yafaa pia wanachama wajue hatua za mnada, maana wengi hukata tamaa mapema. Mdaiwa akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji aweza kumpa ilani, nayo sharti impe muda usiopungua miezi mitatu kurekebisha. Muda ukipita bure, sharti itolewe ilani ya pili ya kuuza, ya siku zisizopungua 40, na nakala yake apewe pia mwenzi aliyetoa ridhaa. Kisha dalali naye hutoa ilani yake ya siku 45. Nyumba haiuzwi kwa bei ya kutupa. Sheria yamtaka mkopeshaji atafute bei bora iwezekanayo, na bei ikipungua kwa robo au zaidi chini ya thamani ya soko, yachukuliwa kwamba hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vingine. Katika miezi hiyo yote mlango wa kusema na mkopeshaji uko wazi. Anayekwenda katika ilani ya kwanza husikilizwa kuliko anayekimbia siku ya nyundo.

Lakini tusijidanganye kwamba sheria imemaliza kazi. Mwaka 2016 sheria za ardhi zilirekebishwa, na haki za wana ndoa zikaondolewa katika orodha ya haki ambazo humfunga mnunuzi hata kama hazimo katika daftari. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa uliotajwa katika Katiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Wana ndoa wakiachana, kila mmoja sharti aonyeshe mchango wake. Basi ambaye jina lake halimo katika hati bado ana mzigo wa kuthibitisha.

Tena, sahihi si ridhaa daima. Mke huambiwa, "Tia kidole hapa, ni karatasi za kiwanda," naye atia. Na mke aliyetia sahihi akijua hana njia nyepesi ya kurudi nyuma. Vivyo hivyo mume. Kwani siku hizi wake pia wana hati na biashara, na mume aweza kuwa ndiye akutaye karatasi langoni.

LIPASALO SASA

Wala nisieleweke kwamba rehani ni uovu. Mikopo imejenga nyumba, imepanda chai, imesomesha waganga na walimu. Mkopeshaji naye ana haki ya kulipwa. Fedha alizokopesha ni akiba za watu wengine, pengine za wanachama wa chama kama hiki. Dawa ya deni ni kulipa. Lililo baya ni rehani ya siri, ambayo mmoja ajua na wawili wataibeba.

Kwa hiyo natoa mashauri haya. Kwanza, wanaonunua kiwanja sasa waandike majina mawili tangu siku ya kwanza. Sheria yakubali mume na mke wawe wenye mali kwa pamoja, mmoja akifa mali ibaki kwa mwenziwe; au kila mmoja awe na fungu lake lililotajwa. Mwenye wake zaidi ya mmoja achukue fungu kwa kila nyumba, kama wazee walivyohesabu ng'ombe. Pili, kabla ya kutia sahihi, wana ndoa waketi na mtu asomaye lugha ya hati, wajue kiasi, riba, muda, na itakuwaje malipo yakikoma au bonasi ya chai ikipungua. Tatu, aliyemaliza deni asifurahi na barua ya benki tu. Ahakikishe kwamba rehani imefutwa katika daftari la Msajili, ili warithi wake wasije wakaikuta. Nne, aliyepokea ilani asiifiche chini ya godoro. Ailete kwa mwenziwe kwanza, kisha kwa mkopeshaji, na kwa wakili kama yawezekana.

Na ninyi wazee, ambao mmeketi katika kamati na bodi, endeleeni kuuliza lile swali la zamani, hata pale sheria isipowalazimisha. Vijana wetu wa leo waweza kukopa kwa karatasi wasizozisoma, wakiwa mbali na baraza lolote. Swali la "Mama yuko wapi?" halihitaji cheo wala muhuri.

Mwisho, naomba kila mwanachama, kabla ya mkutano mkuu ujao, afanye jambo moja nyumbani kwake. Aulize hati iko wapi, ina majina ya nani, na kama lipo deni juu yake. Aulize mbele ya mwenziwe. Nyumba ambayo swali hilo litajibiwa bila ugomvi, hiyo i salama. Na nyumba ambayo swali hilo litaleta kimya, heri kimya hicho kivunjwe sasa kuliko kungojea karatasi langoni.